Siku Neno "Mkataba" Lilipotuponza Jeddah

Nyinyi vijana mna raha ya kuudhi. Mnapewa hotuba siku mbili kabla, imechapwa vizuri, mnaitia kwenye mashine, mashine inaitema kwa Kiswahili, kisha mnanipigia simu Mombasa: "Bi Zuhura, tupitie haraka haraka, kikao kinaanza saa tatu." Haraka haraka! Juzi mmoja wenu, sitamtaja kwa sababu mamake ni jirani yangu na bado nataka kukaribishwa biriani, ameniletea kurasa kumi na mbili kuhusu mambo ya nyuklia. Humo kote neno la Kiarabu ittifaq, yaani makubaliano, limekuwa "itifaki". Itifaki ya nyuklia! Nilicheka mpaka nikavua miwani. Itifaki, mwanangu, ni mambo ya nani akae wapi na nani asalimiwe kwanza. Mtu akisoma kazi yako atadhani mataifa makubwa yaligombana miaka yote ile kuhusu viti.

Lakini nilipomaliza kucheka nikavaa miwani tena. Neno hilohilo liliwahi kuniumbua mimi mbele ya ukumbi mzima, Jeddah, nami sikuwa mgeni wa kazi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa ndani ya ukalimani na nilikuwa nimeanza kuwacheka wenzangu, kama ninavyowacheka nyinyi leo. Basi kaeni niwaeleze, na anayetaka kuandika aandike, ila msiniwekee mashine hiyo inayorekodi. Nikijua narekodiwa nasema Kiswahili cha mtihani.

Nilifika Riyadh na shahada ya Kiarabu, sanduku moja la nguo, na kiburi ambacho kingehitaji sanduku la pili. Ofisi yetu ya tafsiri ilikuwa mwendo mfupi kutoka soko la Batha, ya bwana mmoja tuliyemwita Abu Turki. Siku hizo wanawake tulikaa juu na wanaume chini, na hakuna aliyepanda wala kushuka. Karatasi zilipanda kwa kikapu cha kamba kupitia upenyo wa ngazi, tunazitafsiri, zinashuka kwa kikapu, na baada ya saa moja simu inalia.

Aliyepiga alikuwa Ustadh Idris, Msudani, mkuu wa wafasiri. Kwa miaka saba nilimjua kwa vitu viwili tu: sauti yake na wino wake mwekundu.

"Zuhura, neno hili umelipata wapi?"

"Kwenye kamusi, ustadh."

"Kamusi haikuwapo kwenye kikao. Aliyelisema alikuwa anataka nini?"

Hilo ndilo swali lake, miaka yote. Alikuwa na sauti nzito, ya mtu wa miraba minne, na nilimwogopa kama jitu. Mambo yalipobadilika na sisi tukaruhusiwa kushuka, nilikutana mlangoni na mzee mfupi, mwembamba, amebeba gilasi ya chai. Nikamwambia, "Samahani mzee, nielekeze kwa Ustadh Idris." Akanitazama, akasema kwa sauti ile ile ya kwenye simu, "Umemfikia." Nilitamani kikapu kile kingenibeba kinirudishe juu.

Kosa langu la kwanza kubwa alilirekebisha yeye. Kulikuwa na dereva mmoja Mkenya, Kamau, mtu wa Nyeri, aliyetaka likizo akamwone mtoto wake aliyezaliwa yeye akiwa huku. Walikuja ofisini na kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, nikaitwa nikalimani katika chumba cha wageni, mahali pekee tulipokutana na wateja. Kamau akaeleza vizuri, mpaka akatoa picha ya mtoto. Yule bwana akaitazama picha, akasema, "Inshallah, inshallah," huku akipapasa mfukoni kutafuta funguo za gari. Mimi na shahada yangu nikamgeukia Kamau nikamwambia, "Amekubali."

Wiki tatu baadaye simu ikalia.

"Madam, si ulisema amekubali?"

"Ndiyo, Kamau. Bado hujasafiri?"

"Nisafiri na nini? Passport iko kwake. Mimi nilienda Batha nikanunua blanketi na doli, nikafunga begi. Nguo zangu zote ziko ndani. Nimevaa shati moja wiki tatu, madam. Sasa nifungue begi ama nisifungue?"

Nikampelekea Ustadh Idris kesi, kwa simu, nikijitetea kwamba inshallah maana yake inajulikana.

"Alisema inshallah akimtazama Kamau, au akitafuta funguo?"

"Akitafuta funguo."

"Basi funguo ndizo ungezitafsiri."

Ustadh mwenyewe alimpigia kafili, akamwomba atamke tarehe. Akaitamka. Kamau alisafiri mwezi uliofuata na blanketi lake na doli. Tangu siku hiyo mtu akisema ndiyo, mimi natazama mikono yake.

Ustadh Idris ndiye aliyenifanya niwe na daftari la istilahi, kila neno ukurasa wake. Si tafsiri tu. Unaandika nani hulitumia, katika hali gani, na limewahi kumponza nani. Langu nililinunua Batha, lina jalada la kijani na kurasa za kutosha kuzeeka nazo. Ukurasa wa neno "mkataba" niliandika mstari mmoja: "Kila kitu." Kwa sababu ni kweli, sivyo? Mkataba wa nyumba, mkataba wa kazi, mkataba wa kimataifa, hata mtu na mchumba wake wana mkataba. Ustadh aliliomba daftari siku moja, akalirudisha na alama moja tu, pale penye mkataba: alama ya kuuliza, nyekundu, kubwa kama ndoano. Niliiona. Nikapindua ukurasa. Nilikuwa na kazi nyingi.

Kabla hatujafika Jeddah, nyinyi mnaopenda ukalimani kwa kuwa mnaona watu wamekaa kwenye kibanda cha vioo wakiongea peke yao, nisikilizeni. Usiingie kibandani na bangili. Maiki inasikia bangili kuliko sauti yako. Usinywe maji ya barafu. Usile sambusa dakika ya mwisho, kwa sababu sambusa inarudi kuzungumza. Mwenzako asiposhika maiki hajapumzika, anaandika tarakimu na majina akusogezee. Na la mwisho: ukiwa kibandani wewe huna "mimi". Waziri akisema "mimi", wewe unasema "mimi", na ni yeye. Ukitaka kusema lako, unasema "mkalimani": mkalimani hakusikia, mkalimani anaomba radhi. Mtafsiri anafuta, mkalimani hana raba.

Sasa, Jeddah.

Kituo kimoja cha utafiti kiliandaa mkutano wa siku mbili katika hoteli karibu na mtaa wa Al-Rawdah. Walialikwa wahadhiri, wanahabari na mabalozi wastaafu kutoka Afrika Mashariki wajadiliane na wenyeji kuhusu makubaliano ya nyuklia kati ya Iran na mataifa makubwa, na mwisho watoe tamko la pamoja. Wakati huo rais mmoja wa Marekani alishayaingia, na aliyemfuata alishajitoa. Huko kwao walikuwa wanazozana, na mzozo wenyewe haukuwa wa mitambo wala madini, ulikuwa wa kalamu: je, rais ana mamlaka ya kufunga jambo zito namna hiyo peke yake?

Niwaeleze kwa ufupi, maana msipoelewa hapa hamtaelewa nilivyoumbuka. Katiba yao inasema rais akifunga mkataba rasmi na nchi nyingine, lazima apate ridhaa ya theluthi mbili ya maseneta waliohudhuria. Lakini kuna makubaliano mengine ambayo rais huyaingia kwa mamlaka yake, bila kwenda Seneti. Waliounga mkono walisema: haya ni makubaliano, hayahitaji Seneti. Waliopinga walisema: huu kwa uzito wake ni mkataba, mmeubadilisha jina tu kukwepa Seneti. Kiarabu kina maneno mawili safi kwa vitu hivyo viwili. Mkataba rasmi ni mu'ahada. Makubaliano ni ittifaq. Mtu akiyasikia hawezi kuyachanganya, labda awe na miaka kumi na tisa ya kazi na amechoka kupindua kurasa.

Abu Turki alituita mimi na mwenzangu kabla ya kupanda ndege kutoka Riyadh. "Mkutano huu ukienda vizuri, dawati la Kiswahili linabaki," alisema. "Ukienda vibaya, halas." Halas, mnajua, ndiyo basi, imekwisha. Kwangu mimi halas ilikuwa tiketi ya kurudi Mombasa, na mama yangu angechinja kuku. Lakini mwenzangu, Fatma, mambo yake yalikuwa Jeddah. Mumewe alikuwa na duka la simu Sharafiya, mabinti zake wawili walisoma huko, na yeye alikuwa akienda na kurudi Riyadh akisubiri ahamishiwe. Ikama yake, kibali chake cha kuishi pale, ilikuwa kwa jina la ofisi yetu. Dawati likifungwa, anang'olewa yeye na nyumba inabaki.

Fatma ni mtu wa Unguja, na kabla ya ukalimani alifundisha sarufi ya Kiarabu miaka sita. Alikuwa na imani moja isiyotikisika: kwamba Kiswahili ni mali ya Unguja, sisi wa Mombasa tuliazimwa tu, na tumekirudisha kimechunika.

Siku hiyo tuligawana kwa mwelekeo. Mimi nilitoa Kiarabu kwenda Kiswahili; Fatma alitoa Kiswahili kwenda Kiarabu. Mtoa mada wa kwanza alikuwa Daktari Huda, mwanasheria wa hapo Jeddah, mwanamke wa maneno machache na kasi kubwa. Alizungumza dakika arobaini bila kunywa maji. Nilimfuata vizuri. Niliipenda sauti yangu mwenyewe siku ile. Kila alipotaja ittifaq nilisema "mkataba wa nyuklia", kwa kuwa ndivyo redio zote zinavyosema, ndivyo magazeti yanavyosema, ndivyo hata shangazi yangu asemavyo. Na alipotaja mu'ahada, nilisema nini? Mkataba. Kuna mahali alisema jambo hili kwa upole kabisa: kwamba rais yule alichoingia ni ittifaq, ndiyo maana hakwenda Seneti, na ndiyo maana aliyemfuata aliweza kujitoa kwa saini moja. Mimi nikaambia ukumbi: rais aliingia mkataba, ndiyo maana hakwenda Seneti.

Hata sikusita. Niliendelea kama mwendesha baiskeli aliyepita juu ya kuku.

Wakati wa maswali akasimama Balozi Wafula, Mkenya mstaafu, mrefu, suti ya kijivu. "Hoja ya nidhamu, mwenyekiti! Nimemsikiliza dada yetu kwa makini. Amesema rais aliingia mkataba, na kwa sababu hiyo hakwenda Seneti. Mimi nimekaa kwenye ubalozi miaka mingi, sijawahi kusikia kitu kama hicho. Kama ni mkataba, Seneti ni lazima. Kama hakwenda, basi alivunja katiba, na aliyekuja kuuchana alifanya vyema. Dada yetu anataka tuandike hivyo kwenye tamko?"

Kabla mwenyekiti hajajibu, upande wa pili akasimama Profesa Kileo, mwalimu wa sheria kutoka Tanzania, mtu mnene mwenye sauti ya taratibu. "Balozi, usiwe na haraka. Ule haukuwa mkataba. Yale yalikuwa makubaliano ya kisiasa. Tatizo si rais, tatizo ni mtoa mada. Kwa heshima zote, tofauti hiyo mwanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza anaijua. Nimeshangaa kidogo kwamba mtaalamu aliyeletwa hapa haijui."

Ubavuni mwangu Fatma alikuwa akiyapeleka hayo kwenye Kiarabu, neno kwa neno, kama ipasavyo. Na pale Balozi aliposema mkataba, Fatma, kwa usahihi kabisa, alisema mu'ahada.

Nikalisikia. Nilimwona Daktari Huda kupitia kioo akiishika hedifoni yake kwa mikono miwili, kama mtu anayedhani imeharibika. Akawasha maiki yake, na sasa ikawa zamu yangu kumtafsiri.

"Sielewi," alisema kwa Kiarabu. "Mu'ahada? Nimesema ittifaq tangu nimesimama. Nimesema mara nyingi mpaka nikaona aibu. Ninaambiwa sijui tofauti ambayo hotuba yangu yote imeijenga?"

Ikanibidi niseme hayo. Mimi, kwa sauti yangu, nikiwa yeye: "Ninaambiwa sijui tofauti?" Na ukumbi ukamwona mwanamke anayebishana na maneno yake mwenyewe. Profesa Kileo akatikisa kichwa kwa huruma. Balozi akasema, "Lakini sote tumekusikia, dada." Mwanahabari mmoja akacheka. Mwenyeji mmoja wa mstari wa mbele akaanza kukusanya karatasi zake. Daktari Huda akaweka hedifoni mezani, akachukua mkoba wake.

Nikabonyeza kile kitufe cha kuzima maiki, ambacho sisi hukiita cha kikohozi. "Fatma, ni mimi. Nimesema mkataba kwa yote mawili."

"Nimesikia," akasema.

"Umesikia saa ngapi?"

"Saa ile ile. Nilidhani utajirekebisha." Akanishika mkono. "Nyamaza, mwaya. Kiarabu wao hawajui, Kiswahili hawa hawajui. Hapa wanaojua ni mimi na wewe. Mwenyekiti atasema twende chai, watarudi wamesahau."

"Anaondoka yule mama."

"Aondoke! Ana nyumba hapa hapa. Mimi ninao watoto shule." Kisha akaona uso wangu, akauachia mkono. "Zuhura," alisema, si kwa ukali, "Abu Turki yumo ukumbini."

Alikuwemo. Mstari wa nne, hedifoni masikioni, akisikiliza Kiarabu cha Fatma.

Sitawadanganya kwamba nilifikiri mambo makubwa. Niliuona ule mkoba ukifungwa zipu. Niliona mtu aliyefanya kazi yake vizuri akitoka mlangoni na jina la mjinga, na jina lile nilimpa mimi. Nikawasha maiki.

"Mwenyekiti, mkalimani anaomba nafasi. Mzozo huu hakuusababisha mtoa mada, wala Profesa, wala Balozi. Umesababishwa na mkalimani. Daktari Huda tangu asubuhi ametaja vitu viwili kwa majina mawili, mkataba rasmi na makubaliano, na mkalimani amevipa vyote jina moja. Alichosema ni kwamba rais aliingia makubaliano, si mkataba. Kila aliyechukua nukuu tafadhali arekebishe. Mkalimani anaomba radhi." Halafu, sijui kwa nini, nikavunja kanuni. "Ni mimi," nikasema. "Niliyekosea ni mimi."

Sasa nyinyi wajanja mmeshaona tatizo. Nilisema kwa Kiswahili. Waarabu wa ukumbi ule hawakuambulia kitu. Anayetoa Kiswahili kwenda Kiarabu alikuwa Fatma.

Kulikuwa na kimya cha sekunde mbili tatu, na kibandani hiyo ni safari ya mchana kutwa. Sikumtazama. Nikasikia akivuta pumzi, kisha sauti yake ikatoka, tulivu, ya darasani, na akayasema yote. Hakupunguza, hakupaka sukari. Ila alibadilisha kitu kimoja. Mnajua Kiarabu kina mmoja na wengi, na katikati kina umbo la wawili. Mimi nilisema mkalimani anaomba radhi. Fatma alisema al-mutarjimatan: wakalimani wawili, wanawake, wanaomba radhi. Na mahali niliposema "niliyekosea ni mimi", yeye alisema, tumekosea.

Daktari Huda alikuwa amesimama katikati ya ukumbi, mkoba begani. Mtu wa pembeni alimpa hedifoni yake asikie. Alisikiliza mpaka mwisho, akageuka akatazama kibanda chetu kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Kisha akarudi, akaketi.

Balozi Wafula naye alibaki amesimama. "Kwa hiyo," akauliza, "robo saa nzima nimegombana na nani?"

"Na mimi," akasema Profesa Kileo. "Na hatujamaliza."

Ukumbi ukacheka, na hapo ndipo mjadala wa kweli ulipoanza. Balozi alisema: vizuri, yaitwe makubaliano, lakini kama rais anaweza kukwepa Seneti kwa kubadilisha jina tu, basi yeye kesho ataita nyumba yake hema aone kama serikali ya kaunti itamsamehe kodi. Profesa akajibu kwamba jambo likipelekwa kwa maseneta wanaotaka life, litakufa, na dunia haiwezi kungoja mabomu huku watu wanahesabu kura. "Hata hivyo, Balozi," akakiri, "aliyeingia kwa kalamu yake hawezi kulia mwenzake akitoka kwa kalamu yake." Daktari Huda akasema neno ambalo nililitafsiri polepole, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilipima kila silabi. Alisema, "Mama yangu anaishi Dammam. Kati yake na mitambo ile ni maji tu. Rais mmoja alitia saini bila kumuuliza, mwingine akajitoa bila kumuuliza. Nyinyi mnabishana ni kalamu ya nani. Mimi naomba mkumbuke na wanaoishi chini ya kalamu." Profesa aliandika. Kisha akasimama, akamwomba radhi kwa jina lake na kwa cheo chake, na hilo nililitafsiri kwa furaha.

Abu Turki alitungojea kwenye ukumbi mdogo wa nje.

"Nani kati yenu?"

"Kibanda," akasema Fatma.

"Kibanda hakina ikama! Nataka jina."

"Ni mimi, Abu Turki," nikasema.

"Na mimi nilisikia nikanyamaza," akasema Fatma. "Andika yote mawili."

Alikuwa mwekundu masikio. Alisema kesho hatutaingia, ataleta wengine, na mambo yetu tutayazungumza Riyadh. Papo hapo akampigia Ustadh Idris atafute wakalimani wawili wa Kiswahili wapande ndege alfajiri. Tulikuwa tumesimama karibu, na ile sauti nzito tuliisikia vizuri.

"Wa Kiswahili? Wapo wawili."

"Wapi?"

"Mbele yako."

Abu Turki akafumba macho. Akanipa simu, kama mtu anayekabidhi kitu cha moto.

"Zuhura," akasema Ustadh, "nilikuwekea alama ya kuuliza."

"Niliiona, ustadh."

"Kesho kikao saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi una muda wa kuijibu."

Niliijibu. Ukurasa ule sasa umejaa mpaka pembeni: mkataba, pale kuna sahihi na chombo cha kuuridhia; makubaliano, pale watu wamekubaliana na kila mmoja ameshika mlango wake wa kutokea; mapatano, pale walikuwa wakigombana kwanza. Wengine watabishana nami, na wabishane, mradi waseme mwanzoni wanamaanisha nini. Siku ya pili tuliingia. Kabla sijaanza nilimwomba mwenyekiti dakika moja, nikawasomea maneno hayo, na Balozi Wafula akapinga mawili, kama nilivyotegemea. Tamko lilitoka limeandikwa "makubaliano". Ugomvi wao wenyewe haukuisha, na nasikia huko Marekani mpaka leo haujaisha.

Mtaniuliza dawati. Lilibaki, miaka miwili zaidi. Kisha lilifungwa, bila kosa la mtu. Ofisi ilinunua mashine hizo zenu. Kufikia hapo Fatma alikuwa ameshapata shule ya kufundisha hapo hapo Jeddah, na yupo mpaka leo. Mimi nikarudi kwa mama, kuku akachinjwa.

Lakini alasiri ile, siku ya lile kosa, Fatma alinipeleka Sharafiya, kwenye mgahawa ulio mkabala na duka la mumewe. Tuliagiza samaki wa kukaanga na wali. Yeye alikuwa akichambua miba taratibu, kama mtu aliyetoka kununua nyanya.

"Fatma," nikamwambia, "mimi nilisema mmoja. Wewe ulisema wawili."

"Nilisema?"

"Ulisema. Na ukasema tumekosea."

Akaweka mwiba pembeni ya sahani. "Basi ni sarufi hiyo, shoga. Kiarabu kigumu, ulimi ukiteleza ndiyo hivyo."

Mwalimu wa sarufi, miaka sita. Nilifungua mdomo nimsahihishe. Kisha nikaufunga, nikamsogezea ndimu.